Maneno ya Kiingereza Niliyojifunza Nikiwa Kizuka

Wifi yangu ndiye aliyeanza kuleta magazeti. Nalisema hilo mwanzoni ili haki yake isipotee, maana baadaye watu wa Kibiti walimsema sana, na mimi hakuna aliyeniuliza.

Kaka yake, mume wangu, alikufa kwa homa kule Kiongoroni alikokuwa akikata boriti za mikoko. Nikawa kizuka, nikakaa eda katika nyumba tuliyopanga nyuma ya soko la Kibiti. Mama mkwe alitoka Mbwara akaja kukaa nami. Binti yangu alikuwa darasa la kwanza. Wifi alikuwa akiishi nasi tangu amalize kidato cha nne, na kazi alikuwa hajapata.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, serikali ilipolegeza biashara. Magazeti yalizuka mengi kwa mara moja, na ya Kiingereza yaliyokuja na basi kutoka Dar yalikosa wasomaji. Wenye maduka waliyapenda kwa kufungia bidhaa, karatasi yake ilikuwa pana. Wifi akienda kununua dagaa alimwomba muuzaji amfungie kwa ukurasa mzima, asiuchane. Muuzaji alidhani ni madaha tu. Magazeti yakafika nyumbani yakinuka dagaa, tukayaanika uani kama nguo, kisha tukayasoma.

Sababu ya kuyataka ilikuwa tangazo kwenye mlango wa ofisi ya kata. Mradi wa afya ulitafuta wanawake wa kupita nyumba kwa nyumba kuuliza nani kazaliwa, nani kaugua, nani kafa, na kujaza fomu za Kiingereza. Kata yetu ingetoa mtu mmoja. Wifi alisema tuombe wote wawili, atakayepata kapata. Mimi niliishia kidato cha pili, na hata hicho sijui kama nilikielewa. Lakini nilijua kwamba eda ikiisha sina kazi, nitarudi Ngarambe kwa baba, maana kwetu mjane asiye na riziki hurudi kwao, kulinda mahindi yasiliwe na nguruwe, na mwanangu atasoma shule ambayo mwalimu huja siku akitaka. Sikutaka mwanangu aende huko. Nadhani hicho ndicho kitu pekee nilichokuwa bado nakitaka.

Mengine yote yalikuwa kama mguu uliokufa ganzi: unaujua ni wako, ukiufinya husikii. Watu walikuja kunipa pole, nikawajibu, wakaenda zao. Sikulia kama inavyotarajiwa. Mama mkwe aliliona hilo na hakunisema, si mbele yangu wala, nijuavyo, nyuma yangu.

Kamusi hatukuwa nayo. Wifi akabuni njia: neno gumu tulitafute mara mbili, mara moja kwenye habari na mara moja kwenye ukurasa wa filamu. Ukurasa ule ulitoka mwisho wa wiki. Mtu fulani wa Dar alitazama sinema kisha akaeleza kama inafaa, na mtu huyo alipenda maneno mazito. Harrowing, kwa mfano. Tulilikuta kwenye habari ya kivuko kilichozama nchi za mbali, tukalikuta tena kwenye filamu ya askari aliyerudi vitani. Tukakubaliana ni jambo linaloutesa moyo. Nilishangaa kidogo kwamba waliozama kweli na aliyejifanya kuumia wamepewa neno moja. Wifi akasema kwa mwenye gazeti bei ya neno ni ileile.

Allegedly tulilikosa kwenye filamu wiki baada ya wiki. Habari zilijaa watu wanaodaiwa kuiba, wanaodaiwa kutoroka. Wifi akachoka kutafuta. "Kwenye sinema hakuna anayedaiwa, wifi. Mwizi ni mwizi."

Banda la video lilikuwa hatua chache tu kutoka kwetu. Jioni tulisikia risasi zake na vijana wakishangilia. Si mimi si wifi aliyewahi kuingia. Kwa hiyo nilizisoma filamu nisizozisikia, na nilizisikia nisizozisoma.

Siku moja tulikuta picha ya wanawake wameketi chini, na chini yake neno bereaved. Wifi akafunua ukurasa wa pili haraka. Alasiri alipotoka nikalirudia. Wafiwa. Halikuhitaji kutafutwa mara mbili. Nikakaa nalo nikisubiri nione kama kuna kitu kitatokea ndani yangu. Hakikutokea. Nikaenda kwenye habari iliyofuata, ilikuwa ya bei ya korosho.

Mama mkwe alisoma Kurani vizuri sana, lakini herufi za Kizungu hakuzijua, hivyo alizikagua picha. Akiona mwanamume na mwanamke wameshikana aliuliza, "Hapa pana habari?" Mimi sikuweza kumdanganya, nikasema ni sinema. Aliichana picha ile akawashia moto, na nusu ya maandishi ikaenda nayo. Hakukosea, kwa anavyojua yeye. Kizuka hapaki wanja, hajifukizi udi, hajitazami kwenye kioo, sasa kwa nini atazame wanaobusiana? Ila mwandishi yule alitoa hukumu yake mwishoni, na mwisho ndio ulioungua. Mpaka leo sijui zipi zilikuwa filamu nzuri.

Tulicheka pia, nisiseme hatukucheka. Ugali na kisamvu vikija siku ya nne mfululizo wifi alisema kwa sauti ya mhakiki kwamba chakula cha leo ni predictable, unakijua kabla hakijafunuliwa. Mama mkwe aliinua kichwa. "Mnanisengenya kwa Kizungu?"

"Tunakisifu, mama," wifi akasema.

"Sifa gani ya neno moja. Kuleni."

Siku ya usaili ikatangazwa, na eda yangu ilikuwa bado haijaisha. Mama mkwe alisema hapana. Hakugomba, alisema tu, akaendelea kuchambua mchele. Wifi akaenda kwa sheikh kuuliza, akarudi na jibu: mjane aliye edani anaweza kutoka mchana kwa haja ya riziki, mradi arudi kulala nyumbani kwake. Mama mkwe alimsikiliza mpaka mwisho.

"Sheikh kasema sheria," akasema. "Mimi naishi na watu."

Lakini kesho yake alifua kanga zake mbili kubwa na kuzianika, nikajua amekubali. Angenipeleka mwenyewe. Nataka niliandike hilo vizuri: mwanamke yule alikuwa akiumwa magoti, na alitembea nami mpaka shuleni, akinifunika kwa ubavu wake kila tulipopishana na wanaume.

Usaili ulifanyika darasani. Msaili alikuwa bwana wa makamo, si mtu wa pwani, mpole. Wifi aliitwa kwanza, akaingia peke yake, akatoka akitabasamu. Nilipoitwa mimi, mama mkwe akaingia nami, na akamshika wifi mkono aingie tena. Msaili akauliza hawa ni nani. Mama mkwe akamweleza kwamba mimi ni kizuka, kwamba nitajibu kwa kumnong'oneza wifi yangu, naye atasema.

Hilo lilikuwa jipya kwangu, na kwa wifi pia. Lakini lilishasemwa mbele ya mgeni, na kwetu mama mkwe hasahihishwi mbele ya mgeni.

Msaili alinipa gazeti la siku ile. Habari yenyewe ilikuwa ya viwanda kuuzwa kwa watu binafsi. Aliniwekea kidole kwenye neno redundant akauliza ni watu gani hao. Nililijua. Tulilikuta kwenye habari ya kiwanda, na tena kwenye filamu moja ambamo mhakiki alimwita hivyo mwigizaji mzima. Nikamnong'oneza wifi: ni wale wanaoonekana hawahitajiki tena, ingawa hawajafanya kosa. Wifi akalisema kwa sauti yake nzuri, ya mtu aliyesoma. Msaili akaandika. Akauliza lingine, na lingine. Yote niliyajua, yote yakatoka kinywani mwa wifi.

Kisha akaweka kalamu chini. "Haya ni ya kwako au ya kwake?" akamwuliza wifi.

"Ya kwake."

"Nitajuaje?"

Msaili akanigeukia. "Naomba aseme mwenyewe. Hata sentensi moja."

Mama mkwe akamjibu kwa upole, kama anavyojibiwa mtoto wa mtu mwingine. "Mwanangu, kwetu kizuka hasemi na mwanamume wa kando mpaka aogeshwe. Sheikh ameruhusu kutoka. Kusema hatukumwuliza."

Msaili alisubiri. Nilimwona kupitia upindo wa kanga, akinitazama mimi, si wao. Sentensi nilikuwa nayo, imekaa tayari. Nimejiuliza mara nyingi kama kilichonizuia ni heshima, au ni ile ganzi tu, kwamba hata kinywa kilikuwa si changu. Sijui. Alisema pole kwa msiba, akafunga faili.

Ilikuwa Jumatano. Ijumaa, baada ya swala, wifi alikwenda tena kwa sheikh kuuliza habari ya kusema. Sheikh alishangaa. Alisema mjane kusema na mtu kwa haja, kwa adabu, hakujakatazwa wakati wowote, na kwamba tungemwuliza siku ile ya kwanza angetuambia hivyohivyo.

Wifi alilitoa jibu lile uani, mama mkwe akiwa anapepeta. Akaweka ungo chini.

"Basi nimekukatia riziki."

"Hukukata wewe, mama," nikamwambia.

Alivaa viatu akaenda ofisi ya kata na magoti yale, kumtafuta msaili amweleze. Alikaa kwenye benchi mpaka wakafunga. Walimwambia yule bwana ameshakwenda Ikwiriri na jina limeshapelekwa. Aliporudi hakula.

Jina lilikuwa la wifi. Alilia yeye, si mimi, akasema atakataa. Watu wa soko walikwishaanza kusema kwamba amepata kazi kwa maneno ya mjane. Si kweli. Yeye alijibu usaili wake peke yake, kabla yangu, na alinitaja mimi kila alipoulizwa. Nilimwambia akikataa atachukuliwa mwanamke wa mtaa mwingine, halafu tutakuwa tumekosa wote wawili, na mtoto atakuwa amekosa zaidi. Akaelewa nilikokuwa nikielekea kabla sijafika.

"Abaki na mimi?" akauliza.

"Abaki na wewe asome."

Mama mkwe alipinga. Alisema mtoto hukaa na mama yake, na ana haki ya kusema hivyo, ni mjukuu wake. Lakini safari hii hakumaliza maneno yake. Alinitazama tu, kisha akasema kama ni hivyo, yeye naye atabaki Kibiti kwanza, mtoto asitoke shule akute nyumba imefungwa.

Eda ikaisha. Wakaniogesha, wakanivisha kanga mpya, wakanipaka mafuta mazuri. Kesho yake asubuhi kaka yangu akaja kunichukua. Nilikuwa na mkeka, sufuria mbili na nguo. Binti yangu alisimama mlangoni na sare yake ya shule, wifi akimshika bega.

"Ngarambe kuna shule?" akaniuliza.

Nikamwambia ipo.

"Mbona mimi siendi?"

"Ya hapa ina mwalimu kila siku."

Akafikiri, akaona inafaa. Akaniuliza kama anaweza kwenda sasa, asichelewe kuhesabu namba mstarini. Nikamwambia nenda. Akaenda, nami nikainama nikafunga mkeka.