Tablette Iliyonifanya Mutoto Muchanga

Maji ya muto Mulongwe yalipobeba nyumba yangu, nilihamia kwa mukwe wangu, bwana ya binti yangu. Mama mukwe kulala salon, pale pa kupokelea wageni, kwa mukwe, kumupisha kila akienda kuoga! Ile haya nisikuombee.

Mademoiselle mumoja, musichana wa ofisi, alikuja kutuandika siye tuliobebewa nyumba, ili tupewe viwanja kule juu mulimani. Akauliza miaka yangu. Nikamwambia sijui, ila daraja likijengwa nilikuwa ninabeba mudogo wangu mugongoni. Akaandika vilevile mu telefone yake, nayo ikakubali. Wazee wote tuliokaa naye benchi moja siku ile tuliandikwa hivyo.

Mwaka huu wakatuita tuchukue karatasi za viwanja. Mademoiselle ni yuleyule, ila na tablette mupya, ile simu pana kama kitabu. Akabonyeza, akabonyeza tena.

“Bibi, hapa uko na miaka sifuri.”

“Sifuri ya nini?”

“Programme ya zamani ilipokea maneno. Hii inataka namba tu, ikikuta maneno inaweka sifuri. Na mutoto hapewi kiwanja.”

“Weye! Mutoto iko na wajukuu kumi na moja? Iulize basi nani ananinyonyesha!”

Watu wakacheka. Minye niliwaza ile salon, sikucheka.

“Basi nikufute,” akasema, “nikuandike upya na namba, umezaliwa tarehe moja Janvier ya mwaka tutakaokisia.”

“Na nafasi yangu?”

“Utaenda mwisho wa liste.”

Mwisho wa liste viwanja vimeisha, kila mutu anajua.

“Usiguse! Nilichosema kiko palepale. Ni hii yenu haijui kusoma.”

Nikaanza kumutajia wenzangu wa benchi, jina na jina la baba, vile tulivyokaa. Akatafuta wa kwanza: sifuri. Wa pili: sifuri. Kufika wa tano jasho likamutoka. Alidhani ni minye peke yangu. Akapigia wakubwa wake: “Chef, si mutu mumoja. Ni benchi nzima.”

Siku tatu tulienda na kurudi, jua kichwani. Siku ya ine, tablette ikawa imefundishwa: ikikuta maneno iyaache, ifungue nafasi ya namba pembeni, na mutu abaki pale alipokuwa kwenye liste. Chef d'avenue, mukubwa wa mutaa wetu, akahesabu miaka yangu kutoka mwaka wa daraja, mademoiselle akajaza. Siku tatu kwa kitu kama hicho!

Karatasi mukononi, nilienda moja kwa moja kukunja godoro.

“Mama, kule hakuna hata ukuta,” mukwe akasema, macho chini.

“Kuko bâche ya kutandaza juu,” nikamujibu. “Nisaidie kufunga hii godoro kamba.”