Kompyuta Iliyogoma Kuzimika

Aliyekuwa anaharibu kompyuta ya ofisi yetu ni mtu wa redio ya mawasiliano. Jina lake siliandiki, ila watu wa Magamba wanamjua, maana ndiko alikojenga. Nasema mapema, kwa sababu miezi mingi lawama zote nilibeba mimi.

Miaka ya tisini inaelekea mwisho, nilikuwa mwendesha jenereta kwenye ofisi ya misaada pale Mpanda. Elimu yangu darasa la nne. Nilivuka ziwa nikiwa mtoto, tunakimbia bunduki, nikakulia kambi ya wakimbizi ya Mishamo. Jenereta ile ndiyo iliyolisha wanangu. Saa kumi na nusu mlinzi anagonga rimu ya gari iliyotundikwa kama kengele, nami nazima, uwe umemaliza kazi au hujamaliza. Dizeli ilitoka mbali na mkuu wa ofisi hakutaka mjadala.

Kompyuta ilikuwa moja, ya mfumo wa Linux, imeletwa kwa ajili ya barua za kupita kwenye redio. Haikutakiwa kukatiwa umeme ghafla. Karani wetu anaiamuru izime, inatoa mistari yake ya Kiingereza, mwisho inasema haya, kata. Basi ikaanza kugoma. Mistari inafika mahali inasimama. Rimu inalia. Mkuu anapiga kelele, "Zima mashine!" Nazima. Kesho yake kompyuta inajikagua mpaka mchana, na majina ya familia za kupewa mbegu hayapo. Karani analia, mimi napewa barua ya onyo. Nilikuwa nazo mbili. Ya tatu ni kufukuzwa.

"Mzee, mimi nazima ukiniamuru wewe," nikamwambia mkuu.

"Wewe na kompyuta wapi na wapi? Kaangalie oili yako."

Nikawa naenda dirishani kwa karani kila ikifika saa kumi.

"Kaka, umekuja kuniua tena?"

"Dada, nisomee inaposimama."

Akanisomea. Ilikuwa inasubiri programu ya kutuma barua ifunge. Programu hiyo huioni, inafanya kazi chini kwa chini kutwa nzima, inachukua barua za karani inazisukuma redioni. Karani alijaribu kuiua kwa amri. Haikufa.

Lakini Jumanne na Ijumaa kompyuta ilizimika vizuri tu. Nikajiuliza siku hizo zina nini. Zilikuwa siku ambazo mtu wa redio anabaki mpaka rimu ilie, anaongea na ofisi ya Kigoma. Siku nyingine saa tisa anazima redio na kile kisanduku cha kuiunganisha na kompyuta, eti analinda betri, anafunga mlango anaondoka. Barua inabaki mkononi mwa programu, wa kuipokea hayupo, nayo haikubali kufunga mpaka iikabidhi.

Jumatano nikamwahi mlangoni, funguo zake mkononi.

"Bwana, usiondoke. Ni redio yako inayoshika kompyuta."

Akacheka. "Nyie watu wa kambini mmejua redio lini?"

Nikamwita mkuu kwa sauti mpaka akatoka. Nikamwomba aangalie mara moja tu, nikikosea aniandikie ya tatu hapo hapo. Karani akatuma barua, akaiamuru kompyuta izime. Ikasimama. Tukaitazama.

"Sasa mwambie awashe redio," nikasema.

Aliwasha huku ananuna. Kisanduku kikawaka taa, barua ikaenda, na mistari ikateremka yote mpaka mwisho.

Mkuu akakuna shingo. "Basi kompyuta izimwe kwanza, redio baadaye." Akageuka kuondoka.

"Mzee, na zile barua zangu mbili za onyo?"

"Hizo zimeshaingia kwenye faili."

Kazi nilibaki nayo, na barua zangu mbili za onyo zikabaki kwenye faili lile mpaka ofisi ilipofungwa. Mtu wa redio hakuandikiwa hata mstari mmoja.