Siku Niliyomtuza Mwalimu wa Gitaa

Jamani, cheka tu, mimi mwenyewe nimeshachekwa Ifakara nzima, kuanzia sokoni hadi kanisani, na ukijizuia utavimba bure.

Nina binti wa marehemu kaka yangu, Restituta, amemaliza kidato cha nne na akili yake yote iko kwenye gitaa, tena gitaa la jazi (muziki ambao nikiusikia naona kama mpigaji kapoteza kitu na anakitafuta). Jirani zetu hapa Katindiuka wana kijana wao anafundisha chuo cha muziki Dar, naye alisema akija kwenye jubilei ya ndoa ya wazazi wake atamsikiliza Resti, na akiridhika atamwombea nafasi chuoni. Basi kwa kiherehere changu nikaona mtoto hawezi kwenda hivi hivi bila mwalimu, na mwalimu nikamwona harusini Mchombe: Deo, suti nyeupe, miwani ya jua ndani ya ukumbi, vidole vinatambaa kwenye nyuzi hadi machozi yakanitoka.

Resti akanivuta kitenge. "Shangazi, gitaa lake halina waya."

"Waya ni mambo ya zamani," nikamjibu, mimi ambaye hata redio nawashiwa na watoto.

Deo akawa anakuja nyumbani kufundisha, yaani anakula wali na kuku, anamwonyesha mtoto namna ya kutabasamu na kuyumbisha mabega, halafu anaaga. Resti akalalamika hajifunzi kitu, nikamwambia ana dharau.

Siku ya jubilei nikapita meza kwa meza nikitangaza kwamba mwalimu niliyemtafuta mimi ndiye atakayefungua, kisha mwanafunzi wake. Deo akamnong'oneza mtu wa spika, akampa flashi (nilidhani ni zawadi ya maharusi), gitaa likaanza kulia, watu wakasimama, na mimi mzuka ukanipanda, nikachomoka na noti zangu nikikata kiuno hadi mbele, vigelegele juu, nikammwagia. Mpigaji akituzwa si huinamisha kichwa tu, wewe ukambandika noti kwenye paji? Deo kwa tamaa yake akanyoosha mikono kuzidaka. Yote miwili, ndugu zangu! Na gitaa likaendelea kulia, tena ndiyo kwanza linapanda juu.

"Mama, hebu muongeze," mshereheshaji akasema, "tuone kama litaimba na lenyewe."

Ukumbi ukaanguka kwa vicheko. Deo akalirukia gitaa, akaanza kulipapasa kwa nguvu zote, na wimbo ukawa umekwisha.

Yule kijana wa chuo akatikisa kichwa, akageukia pilau yake. Hapo ndipo nilipoumia, maana nilijua nimemharibia mtoto wa kaka yangu maisha mbele za watu, na kosa si la Deo, ni langu.

Resti hakunitazama. Akapanda, akachomeka gitaa lake, akapiga ule muziki wake wa kutafuta. Hakuna aliyecheza, lakini yule kijana aliweka kijiko chini hadi mwisho.

"Nani kakufundisha?"

Macho yote kwangu.

"Nimejifunza kwenye simu, mwalimu," Resti akasema. "Huyu wa suti kachaguliwa na shangazi."

"Nafasi nitakuombea. Na wa kukunoa nitamtafuta mimi." Kisha akanigeukia kwa adabu zote. "Shikamoo mama. Hili la walimu naomba utuachie."

Nikaitika marahaba. Tangu siku hiyo nimeapa, Resti siku akileta mchumba mimi nitampikia tu, na nikiulizwa namwonaje nitasema moshi umeniingia machoni.