Vigelegele Nje ya Ua

Ugonjwa wa miguu na midomo ulipopita vilima vya Othaya, miaka ile ya sabini, nilitumwa kuwafundisha wafugaji kutunza mabanda. Nilikuwa msichana kutoka magharibi ya nchi, mwenye sauti ya juu na subira haba. Somo langu lilikuwa fupi: mgeni asikanyage bandani, na kila anayeingia aoshe miguu kwa maji ya magadi langoni.

Mjane mmoja alinisikiliza kuliko wote. Ndama wake alikuwa amekufa, ng'ombe wa maziwa amekauka, akabaki na mtamba mmoja mwenye mimba. Huyo ndiye aliyekuwa karo ya watoto na mafuta ya taa. Nilimpenda mama yule, nikaapa mtamba wake hataguswa.

Lakini kule, mwenzao akipata hasara, wanawake hawaji mikono mitupu. Walikuja na mizigo ya nyasi mgongoni, kamba kwenye paji la uso, wakitaka kuingia mpaka bandani kumpa pole. Nyasi zilitoka kwenye mashamba yaliyokuwa na ugonjwa. Nikasimama langoni nikawazuia.

"Ati unatufukuza kwa mwenzetu?" mmoja akaniuliza. "Na wewe uko na ng'ombe gani?"

Sikuwa na hata kuku.

Mjane alitoka, macho mekundu. "Mwalimu, nikirudisha hawa, siku nikiwa mgonjwa nani atanibeba?"

Nikamsogezea maji ya magadi. Basi akaosha miguu, akatoka nje ya lango, akaketi nao kando ya barabara. Chai ikaletwa hapo hapo. Walilia kidogo, wakanicheka kidogo nikiwasikia, wakanieleza desturi yao: mtoto wa kiume akizaliwa hupigiwa vigelegele vitano, wa kike vitatu. Kisha wakaosha mapanga kwa magadi, wakamkatia nyasi zake mwenyewe za nepia zilizoota nje ya ua, wakazirundika langoni. Wiki zilizofuata walipeana zamu za kumkatia.

Asubuhi moja nikipanda kilima nilisikia vigelegele. Nikasimama kusikiliza. Vilikoma kwenye cha tatu.

Nilikimbia. Niliwakuta wamejipanga nje ya ua, hakuna aliyevuka. Mjane alikuwa mlangoni mwa banda, amemshikilia ndama jike asimame ili hata wa nyuma wamwone.

Yule aliyewahi kuniuliza nina ng'ombe gani akasogea kunipa nafasi.

"Simama hapa na sisi, mwalimu," akasema. "Huyu ni wako pia."

Nikasimama, nikalia bila aibu.