Sikio la Mkaguzi Mkuu

Siku yangu ya kwanza karakana ya ndege kule Kisongo, Mkaguzi Mkuu hakuniuliza cheti. Alinitazama tu, akasema, "Binti, mama yako akinunua kibuyu cha maziwa pale sokoni Maji ya Chai, anafanyaje?"

"Anakigonga, mzee."

"Anasikiliza nini?"

"Kama kina ufa."

"Basi kazi umeshaianza kwenu. Kilichobaki ni kukutoa ushamba."

Alikuwa Mwarusha wa Elerai, na sisi Wameru alitutania kila siku ya Mungu. Nami nilijifunza kumrudishia, ila kwa adabu.

Ninyi mnaoingia kazini leo mnakuta kamera tayari, kwa hiyo niwaeleze tulivyokuwa. Ndege ndogo za watalii si bati tupu. Sehemu nyingi, hasa za mkiani, ni tabaka za kitambaa cha nyuzi ngumu, zimeshikamanishwa kwa gundi na kuokwa mpaka zikawa kitu kimoja. Ni kitu chepesi chenye nguvu, lakini kina tabia mbaya: hakionyeshi kinapoumia. Bati likipigwa jiwe linabonyea, unaliona. Hiki kikirukiwa na jiwe kwenye viwanja vya changarawe kule porini, rangi ya juu inabaki inang'aa huku ndani tabaka zimeachana. Kila safari zinaachana zaidi, na mkia ukikatika angani hakuna wa kusimulia.

Mkaguzi Mkuu alizitafuta tabaka zilizoachana kwa sarafu. Aligonga taratibu, shavu karibu na ndege, na karakana nzima tulinyamaza. Palipo pazima palilia ti, ti, ti. Palipoachana palijibu kwa sauti nzito, iliyokufa, kama umegonga gunia la mahindi. Kuna marubani waliokuwa hawapandi mpaka wamemwona yeye kagonga.

Kisha ikaja kamera ya joto, nikapelekwa mimi kujifunza. Mzee alicheka. "Haya, kapige picha za harusi."

Kanuni yake si ngumu. Asubuhi tunaitoa ndege kwenye ubaridi wa karakana, tunaiweka juani. Palipo pazima, joto linazama ndani. Palipoachana pana hewa katikati, joto linakwama juu, na kwenye kioo cha kamera unaona doa jeupe. Mwezi wa saba, wingu la Meru likigoma kuondoka, tuliazima draya kwa mama wa saluni barabarani tukaipasha ndege moto kama kichwa cha bibi harusi. Na ole wako uegemeze kiganja! Joto la mkono linabaki pale, nawe unaweza kuizuia ndege kwa sababu ya vidole vyako mwenyewe.

Asubuhi moja mzee alikuwa amegonga mkia wa ndege inayosubiri watalii, akasema ni mzima. Ndege aliyoipitisha yeye hatukuwa na kawaida ya kuirudia kwa kamera, lakini siku ile nikapita nayo. Nikaona doa. Nikafuta kwa kitambaa, nikangoja, nikatazama tena. Lilikuwa pale pale, upana wa sahani. Nikatoa sarafu yangu nikagonga polepole, na pakalia gunia kabisa.

Nilielewa kwa nini siku zile shikamoo yangu ilikuwa haiitikiwi mpaka nimeirudia. Sikio la mzee lilikuwa linaziba.

Meneja wa kampuni akanijia na redio yake mkononi. "Mama, abiria wameshapima mizigo. Tunakwenda au hatuendi?"

"Nipe muda kidogo, bosi."

Ningeweza kusema pale pale, na ndege isingeondoka. Lakini mzee alikuwa amesimama katikati ya mafundi aliowafundisha yeye, na kwa Waarusha mtu mzima haambiwi kosa lake hadharani na mtu wa umri wa binti yake. Anaambiwa na mwenzake wa rika, aliyetahiriwa enzi moja naye. Mtunza stoo wetu alikuwa wa rika lake. Nikamwendea mbio, nikamweleza. Alisikiliza akikuna kidevu. "Mficha maradhi, kilio humfichua," akasema, akavaa kofia yake.

Alimshika mzee mkono kama wanavyoshikana wazee wa kule, wakatembea hadi kwenye nyasi kando ya barabara ya kurukia. Hatukusikia neno. Waliporudi, mzee alimwendea Meneja moja kwa moja.

"Ndege haiendi."

"Lakini mzee, si umeshasema ni nzima?"

"Nilisema nilichosikia, na sisikii vizuri. Zote nilizogonga tangu masika zipitiwe upya kwa kamera."

Meneja alilalamika mpaka sauti ikamkauka, lakini zilipitiwa. Tukakuta nyingine, doa lake kubwa kuliko la kwanza, na ilikuwa inaruka kila siku na watu. Mzee aliangalia kioo, akakaa chini sakafuni, akafunika uso. Ijumaa ile akaaga, nami nikapewa nafasi yake.

Nimeifanya kazi hiyo mpaka nimestaafu. Kwenye sherehe ya kuniaga walinisifu kwa kamera, nami nilikuwa namuwaza yeye tu, maana miaka yote nilihofu alichukia kuwa nilimpitishia habari kwa mtunza stoo badala ya kumwendea mwenyewe. Wiki iliyofuata nikaenda kwake Elerai. Alikuwa kwenye benchi nje, wajukuu na jirani wakipukuchua mahindi. Nikamuuliza.

"Nichukie nini?" akasema. "Nilijua kabla yenu. Tangu masika nilikuwa nagonga bila kusikia. Niliogopa kurudi nyumbani nikawa si mtu."

Jamani, nilichemka. Miaka yote hiyo nimemhurumia, kumbe alijua, na watu walikuwa wanapanda ndege zile.

"Ulikosea, mzee," nikamwambia.

Akaelekeza sikio. "Unasemaje?"

"Ulikosea!" Sauti ikatoka kubwa mpaka jirani akaacha mahindi, na wajukuu wakageuka wote kunitazama.

Mzee akawageukia jirani na wajukuu. "Nilikosea," akasema, kwa sauti kubwa kama yangu. Kisha akanipisha nafasi kwenye benchi, nikakaa.