Sauti ya Afande Kule Keko

Mume wangu ni askari polisi, na kuishi na askari kumenifundisha kutomwamini mtu yeyote, kuanzia na yeye. Kwa hiyo alipoanza kutoweka kila Jumamosi mchana, siku yake ya mapumziko, sikuuliza. Nilipeleleza.

Alikuwa anarudi nyumbani Kiwalani sauti imemkauka, shati lina vumbi la mbao, na usoni ana furaha ambayo mimi sikumpa. Nyumbani huyu mtu hasemi. Ukimpa habari za watoto anaitikia "sawa," kama anachukua maelezo kituoni. Sasa koo linamkauka kwa kuongea na nani? Nilimchemshia tangawizi, nikawa namtazama anavyoinywa.

Jumamosi moja simu yake ikaita akiwa bafuni, nikapokea. Mwanamke, sauti laini: "Afande, leo usichelewe. Imebaki ile ya kunibembeleza." Nikakata. Nikajua ndoa yangu inaliwa.

Alipopanda bodaboda, nami nikajifunika mtandio wa jirani, nikachukua bajaji. Dereva alitaka kujua kulikoni, nikamwambia aangalie barabara. Mume wangu akashuka Keko, akapita katikati ya mafundi wa makochi, akaingia chumba cha nyuma. Nikajibanza nje ya mlango.

"Mikono juu! Keki iko wapi?" Ilikuwa sauti yake.

Kisha yule mwanamke: "Afande, wewe unapenda kazi yako tu. Mimi je?"

Nikasukuma mlango.

Ukutani walikuwa wametundika magodoro kuzuia kelele za mafundi. Mume wangu alisimama mbele ya maiki, macho yamemtoka. Kwenye kompyuta alikuwepo Mwingereza mwenye sare, mdomo wazi. Pembeni alikaa mtafsiri wa filamu, yule ambaye sauti yake inasikika kwenye mabanda ya video ya mtaani kwetu.

"Karibu, shemeji," akasema, akanieleza haraka maana aliuona uso wangu. Ilikuwa filamu ya kuchekesha, Waingereza wanawatania polisi wa sinema: askari wa kijijini wanaruka nyua na kubiringika kwenye nyasi ili kumkamata mwizi wa keki. Yeye alikuwa anaitia sauti za Kiswahili, na alitaka ya askari wa kweli. "Huyu bwana ana kipaji, we acha tu!"

"Kazini wakijua watanicheka," mume wangu akasema kwa unyonge.

Sikuridhika. Nilimkagua yule mwanamke, ambaye kumbe alikuwa sauti ya mke wa afande, toka kichwani mpaka miguuni. Alikuwa anatafuna mihogo, hana habari na mtu.

Wakaendelea. Kwenye kioo cha kompyuta yule afande akapiga magoti mbele ya mkewe. Mume wangu akasogelea maiki. "Nisamehe, mke wangu. Nimelinda mtaa mzima, nikakusahau wewe."

Machozi yakanitoka. Tangu anioe sikuwahi kusikia maneno kama hayo kinywani mwake.

"Rudia," nikasema.

"Imeingia vizuri, shemeji," mtafsiri akanijibu.

"Sisemi na wewe. Arudie ananiangalia mimi."

Mume wangu akanigeukia. Akakohoa, akayarudia neno kwa neno, kwa mbwembwe zilezile za yule Mwingereza, na saluti juu. Wenzake wakaangua kicheko, nami nikacheka nao. Kwa sauti yake mwenyewe, bado nayasubiri.