Nilivyochagua vivutio vya Zambia kwa kuangalia kama vina milango miwili

Wakuu heshima kwenu, na wakubwa wote shikamooni.

Mvua ya Kyela mnaijua, ikianza haiulizi. Nimejifungia dukani kwangu, nauza vifaa vya ujenzi, na leo hakuna mtu anayejenga. Nimeona niitoe hii stori mwenyewe kabla ndugu zangu hawajaitoa vibaya. Ni kweli tupu, imenikuta mimi. Atakayesema ni chai, aje na vitafunwa vyake.

Naona nyuzi nyingi humu, mtu anauliza, "Nataka kutoka nje kidogo na wife, twende mji gani, tuone nini?" Mnamjibu fukwe, hoteli, sijui view. Sawa.

Mimi kigezo changu kilikuwa kimoja. Kivutio kiwe na milango miwili.

Twende taratibu, mtaelewa.

Mimi na mke wangu, Mama Lusajo, tulioana bila fungate. Wiki ya harusi yenyewe tulikuwa Busale shambani, tunafukuza ndege kwenye mpunga. Nikamwahidi pale pale kwenye tope kwamba siku moja nitampeleka nje ya nchi. Ahadi ile nimekumbushwa kila mwaka, hasa siku ambazo nimekosea jambo lingine.

Mwaka huu biashara ilikaa vizuri. Nikamwambia, chagua mji.

Nikaanza kwa kupendekeza Malawi. Si ndiyo hapo ng'ambo ya mto Songwe? Mama Lusajo akaniangalia kama mteja anayeangalia bati lenye tundu.

"Malawi ni nje ya nchi?" akasema. "Nina shangazi wawili Karonga. Kila nikivuka nakwenda kuzika. Siwezi kutalii mahali ninapojua makaburi."

Malawi ikafa hapo hapo.

Nikasema Dubai, maana humu ndani kila mtu ametoka Dubai. Akaniuliza huko kuna nini. Nikamwambia maduka. Akasema, "Duka si tunalo."

Basi akaniambia kitu ambacho miaka yote hajawahi kuniambia. Alipokuwa darasa la tano kulikuwa na picha ya Maporomoko ya Victoria kwenye kitabu cha Jiografia. Kitabu kimoja dawati zima, picha nyeusi na nyeupe, imefifia. Mwalimu akawaambia yale ni maji. Yeye akaona moshi. Akabisha, akachapwa.

"Nataka nikahakikishe," akasema.

Wakuu, nilicheka, lakini iliniingia. Nikamwambia umekwisha kufika.

Sasa mdomo wangu huu.

Jumapili nikaenda Ndandalo kumsalimia baba yangu. Mama alishatangulia, mzee anaishi na kakao zake na redio. Tumekaa, tunakula ndizi, nikajisikia kumweleza kwamba mwanaye anakwenda Livingstone kuona maji makubwa.

Mzee akamenya ndizi, akala, akamaliza. Akasema, "Yale maji hata mimi nayasikia tangu ujana wangu."

Akachukua ndizi nyingine.

"Sawa tu. Nyie nendeni."

Kuna mdau atakuja hapa kuniuliza kwa nini sikumwacha. Mdau huyo hajawahi kusikia baba yangu akisema "sawa tu". Ile sawa tu ukiondoka nayo, hulali. Nikajikuta nasema, "Baba, si twende wote."

Akaingia ndani kutafuta koti kabla sijamaliza sentensi.

Sasa wale wasio wa huku kwetu mtasema tatizo liko wapi, mzee mmoja tu, akae dirishani.

Tatizo ni hili. Kwetu Wanyakyusa mke wa mtu na baba mkwe wake hawakutani. Sio ugomvi, ni heshima. Mzee akipita njia hii, mke anakula kona. Wasile pamoja, wasikae chumba kimoja, wasitazamane usoni. Najua vijana wa mjini mnawapa baba wakwe zenu tano na kupiga nao selfie, hongereni. Familia yetu bado. Mke wangu ana watoto watatu na mzee wangu hajawahi kuuona uso wake vizuri. Mzee akitaka kumwambia kitu, anauambia ukuta, na mke wangu anasikia akiwa upande wa pili wa ukuta.

Watu hao wawili ndio nimewakatia safari moja.

Nilipomweleza Mama Lusajo hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alikwenda chumbani, akaanza kutoa nguo kwenye begi, moja moja, anazikunja upya.

"Nenda na baba," akasema. "Ni mkubwa. Mimi nitaangalia picha."

Picha tena. Wakuu, nilijisikia vibaya sana. Nikamwambia hizo nguo zirudi kwenye begi, hapa habaki mtu.

Nikaenda duka la jirani kwa Mama Zulfa. Huyu mama anauza vitenge, kwao asili ni Tanga, na Zambia anaijua kama jiko lake maana ndiko anakochukua mzigo. Alikubali kutuongoza. Nilipomweleza masharti akashika kiuno.

"Yaani twende watu wanne, wawili wasionane?"

"Ndiyo, mama."

"Ewe baba, hiyo si safari, hiyo ni doria."

Lakini akakaa na mimi, tukafungua simu, tukaanza kuchagua. Na hapa ndipo penye somo, nyie mnaopanga trip.

Treni ya kitalii: nzuri sana, watu wanakula humo humo. Behewa lina korido moja. Tukaiondoa.

Boti ya jioni mtoni Zambezi: Mama Zulfa alisema ni tamu. Nikamuuliza, mke wangu akitaka kujificha, anajificha wapi? Akasema, "Labda mtoni, na mtoni kuna viboko." Tukaiondoa.

Makumbusho yakapita, yana vyumba vingi. Shamba la mamba likapita kwa sababu lina kona, ingawa hakuna aliyetaka kuona mamba. Yaani tulikuwa tunakagua Zambia nzima kama polisi wanaotafuta njia za kutorokea.

Yakabaki maporomoko yenyewe. Geti moja. Hapo tukapanga zamu: mzee asubuhi, Mama Lusajo mchana, jioni gari la kurudi Lusaka, na tiketi zimeshakatwa.

Safari ikaanza. Mzee mbele kabisa kwenye basi, nyuma ya dereva, koti na kofia, anaangalia barabara. Mke wangu siti ya mwisho na Mama Zulfa. Mimi katikati, nimekaa kama mpaka wa nchi. Basi likisimama tuchimbe dawa, namteremsha mzee, nampandisha, nampigia Mama Zulfa, ndipo wao wanateremka. Abiria wakaanza kuniita msimamizi.

Tulipofika mpakani Tunduma, kimbembe. Afisa wa upande wa Zambia akaona tuna anwani moja, akatuita wote dirisha moja.

Mzee akageukia ukuta. Mke wangu akajifunika kitenge kichwa chote, akachuchumaa nyuma ya begi. Afisa akainuka kwenye kiti.

"Huyu mwanamke anajificha nini?"

"Anamficha baba yangu, afande. Yaani, anajificha baba yangu asimwone."

"Kwani baba yako amemfanya nini?"

Kila nilipojibu nilizidi kuonekana mhalifu. Aliyetuokoa ni mama mmoja mfanyabiashara kutoka Karonga, alikuwa kwenye foleni nyuma yetu na ndoo zake, na kwao mila hii ipo. Alimwangalia mzee, akamwangalia mke wangu, akacheka.

"Huyo ni mkwe," akamwambia afisa. "Wagongee wapite, mzee amechoka kutazama ukuta."

Tukagongewa mihuri.

Livingstone tukachukua nyumba mbili za wageni, mitaa tofauti. Mzee hawezi kulala peke yake ugenini, kwa hiyo nililala naye. Mke wangu akalala na Mama Zulfa. Fungate niliyoahidi miaka yote ile, nikailala na baba yangu mzazi, na anakoroma.

Siku yenyewe ikafika. Asubuhi nikaenda na mzee. Mvua zilikuwa zimekatika hivi karibuni na maji yalikuwa mengi kupita kiasi. Getini wanakodisha makoti ya mvua, ya bluu yote, yana kofia ya kuvuta mpaka kwenye pua. Ukivaa lile hata mama yako hakujui.

Sina maneno ya kuyaelezea yale maji. Ardhi inatetemeka. Ukungu unapanda juu, unakurudia kama mvua. Kuna daraja jembamba la miguu, unasimama pale katikati na mbele yako ni nyeupe tupu.

Mzee alisimama pale darajani akashika chuma. Nikasubiri. Nikamwambia baba, twende tukaone upande mwingine. Hakujibu. Nikamwambia tena.

"Niende wapi?" akasema. "Huko kuna nini kinachozidi hapa?"

Jua likapanda. Saa ya zamu ya mke wangu ikafika. Ikapita. Nikamwambia mzee atashikwa na baridi, akaniambia baridi anaijua. Nikamwambia chakula, akasema nenda kale. Unamvutaje mzee wako darajani mbele ya watalii?

Simu ikaingia ujumbe. Mama Lusajo.

"Tuko getini. Najua baba bado. Usimsumbue. Nayasikia maji kutoka hapa, inatosha."

Anasikia sauti ya maji. Ametoka Kyela mpaka pale, akae getini asikilize. Wakuu, mimi si mtu wa kulia, lakini koti lile lilinisaidia siku ile.

Nikajibu nakuja. Sijui nilikuwa nakuja kufanya nini. Nimetoka mwisho wa daraja, nikaona mtu wa koti la bluu anakuja kwa haraka, kofia puani, na nyuma yake Mama Zulfa anamsukuma kwa mikono miwili.

"Mama Zulfa, mzee yuko pale!"

"Na awepo. Nimetoka kugombana na mtu kule nikidhani ni wewe. Ukungu huu nani anamwona nani? Mwache mtoto akaone maji yake."

Kabla sijasema kitu mke wangu ameshapita. Akaingia darajani, mimi hatua chache nyuma yake; akaenda mpaka katikati, akashika chuma, akainua uso.

Hakujua. Makoti yote ni ya bluu. Amesimama ubavuni mwa baba yangu, bega na bega.

Nikipiga kelele nimewaumbua wote wawili. Nikinyamaza, je? Nikanyamaza.

Ndipo mzee, bila kugeuka, akamwambia mtu aliye pembeni yake, kwa sauti kubwa maana maji yanafunika kila kitu: "Kumbe ni maji kweli."

Mke wangu akaijua ile sauti. Ameisikia miaka yote nyuma ya ukuta. Nilimwona anaganda. Hana pa kukimbilia, daraja jembamba, watu huku na huku. Akafanya kitu pekee alichofundishwa. Akainamisha kichwa, akapiga magoti pale pale kwenye maji.

Mzee akaona magoti yale. Akageuza uso upande wa pili. Akasogea hatua, akaacha ile nafasi nzuri aliyoishikilia tangu asubuhi.

"Simama hapa, wewe," akauambia ukungu. "Hapa ndipo yanapoonekana."

Akaondoka, uso pembeni, akanifikia.

"Twende. Nimetosheka."

Nikadhani ni baridi. Sikumwambia kitu, na yeye hakuniambia kitu, mpaka Kyela. Mama Lusajo alikaa darajani mpaka Mama Zulfa alipokwenda kumtoa. Alirudi amelowa, anacheka peke yake kama mtoto, na hakutaka kuniambia anacheka nini.

Tumerudi, maisha yakaendelea. Wiki iliyopita mzee akaniita Ndandalo. Nimefika, amefunga mtamba mmoja kwenye kamba, mnyama mzuri.

"Mpeleke huyu," akasema.

"Kwa nani, baba?"

"Kwa yule mtalii aliyenipigia magoti kule kwenye maji." Akawasha redio yake. "Watalii wa siku hizi wana adabu."

Kwa wasiojua, katika ukoo wetu baba mkwe akimpa mkwe ng'ombe, amefungua njia ya salamu. Mzee wangu hakuwahi kuifungua kwa mkwe yeyote, na tuko wana wanne.

Jana alikuja nyumbani. Mama Lusajo hakukimbilia uani. Alibaki mlangoni, akapiga magoti, akamsalimia kwa Kinyakyusa, "Mugonile, tata." Mzee akaitikia, akiangalia ukuta kidogo kwa mazoea. Kisha akaugeuza uso.

Akamuuliza, "Sasa mwakani tunakwenda kuona nini?"

Amesema tunakwenda. Nimewasikia wote wawili wanacheka, mimi nimesimama pale na funguo za duka, hakuna anayeniuliza.

Nilichojifunza: usichague mji kwa sababu wengine wamepigia picha. Muulize mtu wako ni kitu gani alibisha akachapwa, mpeleke huko. Na ukisafiri na ukoo, chagua penye ukungu.

Karibuni kwa maoni, na wenye matusi pia mpite, mvua bado inanyesha. Ila mliotembea, naombeni kwa dhati mji mzuri na kitu cha kuona. Treni, boti, chochote.

Safari hii hata kikiwa na mlango mmoja, tutaingia wote.